UZI: William Armstrong, wakili aliyechukia kuona maji yakipotea bure, na jumba lake la Cragside

FundiSaruji (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa ramani za nyumba tulibishana mpaka usiku: mwenye hela amwachie mchoraji kila kitu, au akae naye bega kwa bega hadi tofali la mwisho? Niliahidi kuleta habari za mzee mmoja wa Uingereza. Leo mvua imetufungia saiti, kwa hiyo nina muda. Ni ndefu. Asiye na chai akachemshe kwanza.

Mzee mwenyewe ni William George Armstrong. Kazaliwa tarehe 26 Novemba 1810 huko Newcastle, kaskazini mashariki mwa England, kando ya mto Tyne. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka pale bandarini, na baadaye akawa meya wa mji. Mtoto alikuwa dhaifu, kifua kinambana, basi wazazi wakawa wanampeleka Rothbury, kijiji cha bonde la mto Coquet, apate hewa safi. Huko ndiko alikojifunza kuvua samaki kwa ndoano. Hilo la ndoano mlishike, lina kazi mbele.

Baba alitaka wakili. Kulikuwa na rafiki wa familia, Armorer Donkin, wakili mwenye uwezo wake na hana mke wala mtoto, akamchukua kijana ofisini kwake. Mwaka 1835 Armstrong akaoa, mke anaitwa Margaret Ramshaw, na akawa mbia kwenye ofisi hiyo ya uwakili. Maisha yamenyooka. Nani angeacha?

Ila mwaka huohuo yuko zake Dent, Yorkshire, na ndoano mkononi, akaona gurudumu la maji linaloendesha mashine za machimbo ya marumaru. Mwingine angeendelea na samaki wake. Huyu akapiga hesabu kichwani: nguvu yote ya maji yale yanayoporomoka kutoka mlimani, gurudumu linatumia fungu moja tu katika ishirini. Kumi na tisa zinaenda na mto. Akarudi nyumbani kero hiyo imemkaa rohoni, na kwa maoni yangu haikumtoka mpaka anazikwa. Ukitaka kumwelewa mtu huyu, viwanda vyake, mizinga yake na nyumba yake, anzia hapo.

Miaka kama kumi hivi akawa wakili mchana, fundi usiku. Mwaka 1845 alikuwa miongoni mwa waliosimamia mradi wa kuleta maji mjini kwa mabomba kutoka mabwawa ya Whittle Dean. Sasa mafundi bomba mnaelewa: tangi likiwa juu mlimani, huku bondeni presha inakuwa kubwa kuliko mahitaji ya mama anayejaza ndoo. Akaomba apewe winchi moja ya bandarini aigeuze, iendeshwe na presha ile ya ziada. Ikakubali. Ikapakua meli haraka kuliko za zamani, na wenye bandari wakataka nyingine. Mwaka 1847, umri miaka 36, akaaga uwakili na kufungua kiwanda Elswick, ukingoni mwa Tyne.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii. Winchi ya maji inataka presha, na kama huna mlima inabidi ujenge mnara. Kule Grimsby walijenga mnara wa matofali wa mita 94 hivi, ulikamilika 1852, kwa ajili ya presha tu! Lakini New Holland, kando ya mto Humber, ardhi ni mchanga, mnara wa hivyo usingesimama. Armstrong akasimamisha silinda nene ya chuma, ndani yake pistoni, juu ya pistoni akapakia uzito wa kutisha. Injini ya mvuke inasukuma maji ndani taratibu, pistoni inapanda na mzigo wake. Ukifungua koki, mzigo unashuka na kuyasukuma maji kwa presha ileile toka mwanzo hadi mwisho. Yaani kaukunja mnara mzima ukaingia kwenye kibanda. Lile daraja la kuinuka la London, Tower Bridge, la mwaka 1894, liliinuliwa kwa mtindo huo, na mitambo ilitoka kwenye kampuni yake.

Nyumba inakuja bandiko linalofuata, chaji imebaki asilimia sita.

MamaLishe

Nimetandika jamvi kabisa. Mkuu usituache njiani.

Kipanga85

Nyuzi za "inaendelea" tumezichoka humu ndani. Huyu naye atarudi Krismasi.

FundiSaruji

Nimerudi, Kipanga punguza presha.

Mwaka 1863, hela ipo, Armstrong akapata ardhi palepale Rothbury alikovulia samaki utotoni, kwenye bonde la kijito kinaitwa Debdon. Akajenga kanyumba ka kawaida tu ka ghorofa mbili, ka mapumziko na uvuvi. Akakaita Cragside, maana kamekaa kwenye mwamba.

Mwaka 1869 akamwita msanifu Richard Norman Shaw, Mskoti, mzaliwa wa Edinburgh, bado hajafika hata miaka arobaini. Inasimuliwa kwamba Armstrong na wageni wake walikwenda mawindoni, na waliporudi jioni wakakuta Shaw kaichora Cragside mpya yote kwa mchana mmoja. Wachoraji wanaipenda sana hadithi hii, huwa wanaitoa mteja akianza kulalamikia ada.

Lakini tazameni ujenzi wenyewe. Kazi ilianza 1869 ikaja kutulia katikati ya miaka ya 1880. Miaka kumi na tano! Mara maktaba, mara mnara, mara ukumbi wa picha, na kila kipande kinashikizwa kwenye kilichotangulia, na mahali pengine mwamba unapasuliwa ili chumba kipate pa kukaa. Hiyo wakuu ni nyumba ya kuunga. Ni kama zetu, unahamia na vyumba viwili, sebule inakuja mwakani, jiko ukipata mavuno. Tofauti ni kwamba yeye hakuunga kwa kukosa hela, aliunga kwa sababu kila akipata wazo jipya alitaka lipate chumba. Ndiyo maana ukiitazama Cragside huoni uso mmoja. Unaona mapaa makali yanayopishana, mabomba marefu ya moshi, upande huu jiwe, upande ule mbao nyeusi kwenye ukuta mweupe, na yote imeng'ang'ania genge kama mbuzi.

Chini ya maktaba Shaw alimwekea hamamu, vyumba vya mvuke na birika la maji baridi la kujitosa. Waliofika Hamamni pale Unguja wanajua ninachosema. Kulikuwa na lifti ya kuendeshwa na maji, watumishi wasibebe makaa ya mawe ngazi kwa ngazi. Jikoni chuma cha kuchomea nyama kilijigeuza chenyewe kwa nguvu ya maji. Hata kwenye banda la vioo la matunda, vyungu vikubwa vya miti vilizungushwa, kila upande wa mti upate jua lake. Sasa hii ya vyungu mimi nilicheka. Mtu ana kiwanda cha maelfu ya watu halafu anaumizwa na chungwa lililoiva upande mmoja.

Umeme. Mwaka 1878 aliweka dainamo ya Siemens chini ya bwawa la Debdon, kama kilomita moja na nusu kasoro kutoka nyumbani, akavuta waya na kuwasha taa moja kwenye ukumbi wa picha, zile za zamani ambazo mwanga unaruka kati ya vijiti viwili vya kaboni. Kali, inaumiza macho. Mwaka 1880 rafiki yake Joseph Swan, aliyekuwa akifanya kazi kulekule Newcastle, akamletea glopu alizobuni mwenyewe. Shuleni tuliimbishwa Edison tu, Swan hatukumsikia. Cragside ikawa nyumba ya kwanza duniani kuwashwa taa kwa umeme wa maji. Armstrong mwenyewe aliandika kwenye gazeti la wahandisi mwanzoni mwa 1881, na kilichomfurahisha ni kwamba kijito ndicho kinachowasha nyumba na hakuna kitu chochote kinachoteketea. Mnaona? Bado ni yuleyule wa machimbo ya marumaru.

Umeme_wa_Kata

Mkuu, mimi nafunga waya za nyumba mwaka wa kumi na mbili sasa. Swali la kifundi: mwaka 1880 swichi za ukutani hazipo. Alikuwa anazimaje taa za maktaba? Anatuma mtu bwawani akafunge maji?

FundiSaruji

Swali zuri sana na jibu lake tamu. Kwa taa za mezani za maktaba alitumia vazi (vile vyombo vya kuwekea maua, si nguo) za shaba zilizopakwa rangi ya kuchomwa, pambo kabisa la mezani, glopu imekaa juu ya mdomo wa vazi. Mwili wa vazi ni shaba, kwa hiyo ndio waya wa kurudishia: umeme ukitoka kwenye glopu unashuka kupitia vazi lenyewe mpaka kwenye kitako cha chuma. Katikati ya kitako kuna kikombe kidogo kimetengwa kisigusane na chuma, ndani yake zebaki. Waya wa kuingizia unaishia kwenye ile zebaki. Ndani ya vazi kuna waya mwingine umevishwa ganda la kuzuia umeme, unashuka kutoka kwenye glopu, unatokea tundu la chini, ncha yake iko uchi.

Ukiliweka vazi mahali pake, ncha inazama kwenye zebaki, taa inawaka. Ukilinyanyua, inazimika. Basi. Ukitaka kulala unanyanyua vazi.

Umeme_wa_Kata

Aisee. Yaani vazi zima ndiyo swichi. Na mwili wake ni "nyutro". Leo ukifunga hivyo mkaguzi anakuitia polisi, na zebaki ile ikimwagika kwenye zulia ni balaa jingine. Ila kichwa anacho.

Mtoro wa Tyne

Habari wakuu. Naishi Newcastle mwaka wa nne, na nimeenda Cragside mara mbili, watoto wanapenda yale mabwawa. Mleta mada kasema kweli, picha haziitendei haki. Unakuja kwa barabara ya msituni, miti mirefu kotekote, na msitu huo kaupanda yeye. Pale palikuwa mlima wa mawe na majani makavu. Wanasema miti milioni saba. Halafu nyumba inachomoza ghafla juu ya kichwa chako.

Vile vazi nimeviona kwa macho. Kilichonishinda ni sebule kubwa. Meko ya ukutani ni marumaru, imechongwa maua na vitoto kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, na wanasema ina uzito wa tani kumi. Imechorwa na Lethaby, msaidizi wa Shaw. Sebule hiyo ilimalizwa 1884, mwanamfalme wa Uingereza na mkewe walipokuja kulala pale. Mimi na mke wangu tuliitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii nani anaipangusa vumbi?"

Na Newcastle mjini mzee yupo kila kona. Bonde la Jesmond Dene, tunakotembea Jumapili, aliwapa wananchi mwaka 1883. Daraja linalozunguka pale mtoni, la 1876, ni kazi yake.

Bwana Kinyozi

Samahani jamani niwaharibie sherehe. Nimesoma hadi hapa nasubiri mtu ataje, hakuna. Hela ya meko ya tani kumi ilitoka kwenye MIZINGA. Mnasifia glopu na vyungu vya machungwa, mtu aliuza silaha dunia nzima. Mleta mada neno "mizinga" kaligusa mara moja akapita kama haoni.

FundiSaruji

Kinyozi, umenikamata. Nilikuwa naipangia bandiko lake ila acha niiweke sasa.

Vita vya Crimea, mapigano ya Inkerman, Novemba 1854. Waingereza walihangaika kukokota mizinga mizito kwenye matope mpaka ipate pa kupigia. Armstrong akasoma habari hizo, akajiuliza kwa nini mzinga uwe donge zito la chuma cha kumimina. Kufikia 1855 alikuwa na wa kwanza: mtutu umejengwa kwa kuvalishwa pete za chuma cha kufuliwa, ndani una mifereji ya kuzungusha risasi, na unapakiwa kwa nyuma badala ya mdomoni. Mwepesi, na unapiga unapolenga. Mwaka 1859 akaipa serikali hataza zake (hati za kumiliki ubunifu) bure, naye akapewa cheo cha "Sir" na kazi ya kusimamia mizinga. Haikwenda vizuri. Waingereza walipoupiga mji wa Kagoshima, Japani, mwaka 1863, vifuniko vya nyuma vya baadhi ya mizinga vilifyatuka na kuumiza mabaharia wao wenyewe. Serikali ikarudi kwenye mizinga ya kupakia mdomoni, na Armstrong akaondoka serikalini.

Hapo ndipo Elswick ilipofungua milango kwa kila mwenye hela. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliuzia pande zote mbili. Hata lile daraja alilolisifia Mtoro lilikuwa na hesabu yake: la zamani la mawe lilizuia meli kubwa kupanda mto mpaka kiwandani. Mwaka huohuo wa 1876 lilipofunguliwa, meli ya Italia ilipita ikaenda kuchukua mzinga wa tani mia moja.

Na kisa kinachonikera mimi mwenyewe ni hiki. Septemba 1894, mlango wa mto Yalu, China na Japani wanapigana baharini. Manowari ya China, Zhiyuan, ikazamishwa na watu wake. Ilijengwa Elswick. Upande wa pili kuna Yoshino ya Japani. Nayo ilijengwa Elswick.

Yeye alijitetea kwamba kazi ya mhandisi ni kuzitiisha nguvu za maumbile, na atakayezitumia ndiye wa kuulizwa. Mimi hilo silinunui. Mtu aliyehesabu hadi maji yanayopotea mlimani asingeshindwa kuhesabu mzinga unaenda wapi.

Bwana Kinyozi

Sasa tumeelewana. Endelea.

Jembe na Nyundo

Ongeza na wafanyakazi. Mwaka 1871 mafundi mitambo wa Newcastle walidai kazi iwe saa tisa tu kwa siku. Armstrong ndiye aliyeongoza matajiri kukataa, wakaleta vibarua kutoka nje ya nchi wavunje mgomo. Miezi mitano! Kiongozi wa mafundi, John Burnett, hakutetereka, na mwisho matajiri wakasalimu amri. Saa tisa zikapatikana.

FundiSaruji

Ni kweli kabisa mkuu, na kumbuka wakati huo ndiyo Shaw yuko juu ya mwamba anapandisha kuta za Cragside. Mwajiri mgumu kiwandani, kwenye elimu mkono wazi: chuo cha sayansi alichosaidia kukianzisha mwaka huohuo wa 1871 kilikuja kubeba jina lake, na leo ni sehemu ya mizizi ya Chuo Kikuu cha Newcastle.

MamaLishe

Mimi niulize la kwetu wanawake. Margaret anasemaje kwenye haya yote? Jumba linaungwa miaka kumi na tano, vumbi, mafundi, wageni wafalme.

FundiSaruji

Dada, bustani ile ya mawe na maua inayozunguka nyumba inatajwa kuwa ilikuwa moyo wake, yeye na mumewe waliipanda pamoja. Hawakujaliwa mtoto. Alitangulia 1893. Mzee baada ya hapo hakukaa kimya: mwaka 1894, umri miaka 83, akanunua magofu ya ngome ya Bamburgh iliyoko baharini na kuanza kuijenga upya. Nani anaanza ngome na miaka 83? Hakuimaliza. Alifia Cragside tarehe 27 Desemba 1900, akazikwa Rothbury karibu na mkewe.

Na kabla sijasahau, mwaka 1863 alitoa hotuba mbele ya wanasayansi pale Newcastle, mji unaoishi kwa makaa ya mawe, akawaambia makaa yataisha. Akasema jua linalopiga ekari moja ya nchi za joto lina nguvu ya farasi elfu nne kwa karibu saa tisa kila siku. Hiyo ekari wakuu ndiyo hizi zetu.

Kipanga85

Farasi elfu nne, halafu mimi hapa jana umeme umekatika saa moja jioni nimemaliza uzi kwa kibatari cha simu. Mleta mada nafuta kauli ya Krismasi. Nyumba ikawa ya nani?

FundiSaruji

Ikaenda kwa mjukuu wa dada yake, William Watson-Armstrong. Ukoo ukakaa nayo hadi 1977, ikachukuliwa na serikali kufidia kodi ya mirathi, ikakabidhiwa National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale, na watu wakaanza kuingia 1979. Mwaka 2014 wakafunga mtambo mpya wa umeme wa maji: skrubu ya Akimede, ile parafujo ndefu ya chuma iliyolazwa kwenye mteremko, maji yanaingia juu na yakishuka yanaizungusha. Inatoa kilowati 12.

Umeme_wa_Kata

Kilowati 12 kule kijijini kwetu ni mashine ya kusaga na taa za zahanati, na kijito tunacho. Mkuu urefu wa hiyo parafujo ni ngapi?

FundiSaruji

Mita 17. Njoo faragha uniambie kijito kinashuka mita ngapi na kiangazi kinabaki na maji kiasi gani.